Baba Mkwe Kwenye Usukani

Baba mkwe wangu alikaa karibu miaka miwili bila kunisemesha. Hakunitukana, wala hakunikataza kufika kwake. Nilipokwenda kwao Majanji, ufuoni mwa ziwa, na mke wangu nilipewa kiti, nilipewa samaki, nilipewa maji ya kunawa. Ila kama alikuwa na neno la kuniambia, alilipitisha kwa mtu mwingine.

"Mwulize mkwe kama barabara ya Busia iko na matope."

Mke wangu aliniuliza, nami nikamjibu mke wangu, naye akamjibu baba yake. Sote watatu tulikuwa tumekaa kwenye baraza moja, na goti langu lilikuwa karibu kugusa mguu wa kiti chake.

Kosa langu nililijua. Nilimwoa binti yake pale misheni Tororo wakati yeye yuko upande wa Kenya, kwenye kambi ya wavuvi, ambako alikuwa amekwenda kwa mwezi mzima. Padri aliyekuwa ametuandaa alikuwa anasafiri kwenda likizo kwao, na sisi hatukutaka kuanza mafundisho upya na padri mwingine. Tukaoana Jumamosi, bila sherehe ya maana. Mzee alipata habari kwa mama mmoja muuza samaki, sokoni Busia, ambaye alimpongeza. Nimewahi kufikiri kwamba zile pongezi ndizo zilizomuumiza kuliko ndoa yenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Yeye alikuwa Msamia wa ziwani. Mimi kwetu ni Molo ya karibu na Tororo, mashambani, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa ya kisima. Nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya Tororo. Lugha yake sikuijua, yangu hakuijua, na Kiswahili tulichokuwa nacho sote wawili, kile cha mpakani, alikuwa ameamua kutokitumia kwangu.

Mambo yalikuwa hivyo hadi mwaka mmoja baada ya nchi zote mbili kupata uhuru, wakati zahanati ya misheni pale ufuoni ilipotaka wodi ya wazazi. Kuta Wakristo walizijenga wenyewe, kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Zikasimama miezi mingi bila paa, hadi majani yakaanza kuota juu yake. Padri mpya wa pale, mtu mrefu aliyependa mzaha, akatoa wazo la mashindano ya makasia. Wapiga makasia wasiwe wavuvi. Wawe watu wa ofisi na wa kiwandani, walimu, maaskari, watu wa maduka. Alisema waziwazi kanisani kwamba watu wakija kuona makarani wakihangaika majini, mabati yatapatikana.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila timu itafute mfadhili wake. Mfadhili ataahidi mabati, na atayatoa endapo mtumbwi wa timu yake utazunguka pipa lililotiwa nanga kule mbali na kurudi ufuoni kwa nguvu za wenyewe. Mtumbwi ukivutwa na mwingine, ahadi imekufa. Kushinda kulikuwa na kikombe; kurudi ndiko kulikokuwa na paa.

Mfadhili wetu alikuwa mzee wa Kiislamu wa Busia mwenye malori mawili. Alikuwa na ugomvi wa zamani na reli, kwa sababu reli ilimnyang'anya mizigo ya pamba na yeye akainyang'anya ya mahindi. Tulipomwendea na mkuu wetu wa stesheni, alicheka mpaka akavua miwani.

"Nyinyi watu wa gari moshi, mtapiga makasia?" akasema. "Mkirudi kwa mikono yenu, nusu ya paa ile juu yangu. Na nitaipeleka mwenyewe kwa lori, msije mkaichelewesha."

Tulikuwa sita. Mkuu wa stesheni mwenyewe, mtu mnene kutoka upande wa Kenya, mwimbaji wa kwaya, ambaye hakuvua kofia yake ya kazi mahali popote isipokuwa kanisani. Wachukuzi watatu wa bohari, wenye mabega. Fundi mmoja wa reli. Na mimi. Mazoezi tuliyafanya bohari baada ya kazi: tulikaa juu ya marobota ya pamba, mmoja nyuma ya mwingine, tumeshika mifagio, mkuu akiimba wimbo wa kanisa wenye mwendo wa taratibu ili tupige pamoja. Abiria waliokuwa wakisubiri gari la Kampala walikuja kusimama mlangoni kututazama.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe timu zote ziliitwa Majanji. Padri alisema hataki kuzika mtu, kwa hiyo kila mtumbwi utakuwa na mvuvi mmoja nyuma, wa kushika kasia la usukani. Majina ya wavuvi waliojitolea yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia. Mkuu wetu akachomoa kimoja, akasoma kwa sauti. Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha nikamwona baba mkwe akitoka katikati ya wenzake na kuja, taratibu, mikono nyuma.

Alitukagua mmoja mmoja kama mtu anayenunua ng'ombe. Kwangu hakusimama. Alirudi kwa mkuu wa stesheni akasema, "Hawa tatu mzuri. Wewe, mbele. Na huyu wa mwisho, mwambie yeye nakaa karibu na mimi kabisa. Yeye hapana jua kitu. Nataka kumwona."

Mkuu wa stesheni, ambaye hakujua habari zetu, akanigeukia kwa mshangao. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa mzee.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikamwambia yeye.

Mke wangu nilimweleza jioni. Alikuwa akifanya kazi hospitali ya Tororo, kwenye chumba cha kufungia vidonda, na alikuwa mtu asiyeshtuka upesi. Akasema, "Hakujitolea kwa sababu ya mchezo." Nikajua anamaanisha dada yake. Dada huyo aliyemfuata baba yao kwa sura alishikwa na uchungu wa kuzaa miaka kadhaa kabla sijafika kwenye familia ile. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walimfunga kwa shuka nyuma ya baiskeli, baba yake akasukuma kuelekea Tororo. Alifia njiani, upande wa Buteba, na mtoto ndani yake. Tangu siku ya mazishi mzee hakuwahi kumtaja, na nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kumtaja.

Siku ya mashindano tuliondoka Tororo asubuhi nyuma ya lori la yule mzee wa Busia, aliyesema hataki tuseme tulichoka kwa safari. Wenzangu wote walivaa kaptula. Mimi nilivaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kwa kuwa mama mkwe angekuwepo, na mwanamume hawezi kuonyesha mapaja yake mbele ya mama mkwe. Wachukuzi walinicheka njia nzima. Kwenye vichaka vya matete karibu na ufuo nilimwona mama mkwe kwa mbali. Aliponiona akageuka pembeni, akaniachia njia, kama desturi inavyotaka. Mimi nami nikazunguka upande wa pili wa mitumbwi.

Mashindano yalipangwa kuanza saa tatu. Mgeni wa heshima alikuwa anatoka Mbale, na saa tatu ikapita, na saa nne, na saa tano. Watu walizidi kuja, kutoka Busia zote mbili, ya huku na ya ng'ambo ya mpaka, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, akina mama wakauza mihogo ya kuchemsha. Baba mkwe alimfuata padri.

"Baba, sasa au hapana," akamwambia. "Saa saba upepo nakuja. Hawa watu ya ofisi takunywa maji."

Padri akamwomba subira. Mgeni alifika karibu saa nane, akahutubia, na tulipoingia mitumbwini ziwa lilikuwa limekwisha kubadilika rangi.

Mitumbwi ilikuwa saba, ya mbao zilizoshonwa kwa kamba na kuzibwa kwa nyuzi kwenye maungio. Wetu ulikuwa wa zamani kidogo. Nilikaa mahali nilipoambiwa, nyuma kabisa, mgongo wangu kwa mzee. Nilisikia pumzi yake. Filimbi ikalia, umati ukapiga kelele, mkuu wa stesheni akaanzisha wimbo wake, na tukagundua mara moja kwamba wimbo ule haukufaa. Mawimbi yalikuwa na mwendo wao, wimbo mwendo wake. Kasia langu likapiga hewa, kisha likampiga mchukuzi aliyekuwa mbele yangu.

"Wacha kuimba!" baba mkwe akaita. "Mimi tasema. Moja! Moja! Moja!"

Tulipiga hivyo. Sijui tulikwenda kwa muda gani hadi kwenye pipa. Ninachokumbuka ni mabega yaliyokuwa mbele yangu, yakiinuka na kushuka, na ngozi ya viganja vyangu ikitoka kwenye mizizi ya vidole. Mtumbwi wa maaskari ulitupita, wa kiwanda cha saruji ulitupita. Wa walimu ulikuwa nyuma yetu, ukielekea upande usioeleweka. Tulilizunguka pipa tukiwa wa nne, jambo lililotushangaza wenyewe, na mkuu wa stesheni akageuka kutuambia tukaze. Hapo ndipo nilipohisi maji kwenye viatu.

Ungio moja la ubavuni lilikuwa limeachia. Nyuzi zilizoliziba zilitoka zenyewe, nikaziona zikielea kati ya miguu yangu. Maji hayakuingia kwa kishindo. Yaliingia bila kelele, mfululizo.

"Mkwe!"

Nilisikia, lakini sikugeuka. Nilikuwa nimezoea neno lile likipelekwa kwa mtu mwingine.

"Wewe, mkwe! Wacha kasia. Geuka. Toa maji."

Nikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana naye uso kwa uso, na sikujua macho niyaweke wapi. Alikuwa amevua shati. Sikupaswa kumtazama baba mkwe wangu akiwa kifua wazi, kwa hiyo niliinamisha kichwa nikachukua kibuyu cha kukumbia maji na kuanza kuteka na kumwaga, nikimwaga upande wa upepo, maji yakanirudia usoni.

"Upande hii! Tazama mimi!"

"Baba, mimi…"

"Hapa hakuna mkwe. Hapa iko maji tu. Tazama mimi. Nikisema toa, toa. Wimbi ikikuja, ngoja."

Nikamtazama. Alikuwa na kovu refu juu ya titi la kushoto na mvi kifuani, na alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, mawimbi yanayokuja. "Ngoja," akasema. "Ngoja. Toa! Toa! Toa! Ngoja." Magoti yetu yaligongana. Nilikumba maji kwa namna ile hadi kibuyu kikagonga mbao na kupasuka vipande viwili. Mzee alinyoosha kidole mbele, kwenye kichwa cha mkuu wa stesheni. Kofia ikapita mkono kwa mkono kutoka mbele hadi kwangu, na mkuu mwenyewe alichelewa tu kuishika. Ilikuwa kofia nzuri, ngumu, ya kushika maji mengi.

Mtumbwi wa wenye maduka ulikuwa umekata tamaa kando yetu, ukipeperusha kitambaa cheupe, na wavuvi wa uokozi walikuwa wakija na kamba. Mkuu wa stesheni aliwaona. Alikuwa amechoka, uso umemvimba kwa jua.

"Mzee," akasema kwa heshima, bila kuacha kupiga kasia, "tumejitahidi. Waje watuvute na sisi. Mabati watu watatoa tu, wana huruma."

Baba mkwe alipiga kasia lake la usukani mara mbili, akanyoosha pua ya mtumbwi.

"Mimi nilibeba mtoto yangu kwa baiskeli," akasema. "Mtoto msichana. Alikuwa natoka damu. Nilisukuma kutoka hapa mpaka Buteba. Hakuna mtu alikuja na kamba."

Kisha akalitaja jina lake.

Wachukuzi hawakujua habari hiyo, wala fundi, wala mkuu wa stesheni. Walioijua tulikuwa wawili, na tulikuwa tumeelekeana, goti kwa goti. Sauti yake haikubadilika. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Macho yake hayakushuka kwangu, yalibaki kwenye mawimbi.

"Toa," akaniambia. "Toa! Ngoja."

Mkuu wa stesheni akainamisha kichwa chake kitupu, akapiga kasia. Wale wavuvi wenye kamba walitukaribia, wakaita kwa Kisamia. Mzee akawajibu neno moja, wakageuza mtumbwi wao.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Mara mbili wimbi liliingia juu ya ukingo na kuharibu kazi yangu yote. Mchukuzi mmoja alitapika. Karibu na ufuo maji yalishafika juu ya mafundo ya miguu, mtumbwi ukawa mzito kama gogo, na watu ufukweni wakaanza kuja ndani ya maji kutupokea. Padri aliwapigia kelele wasituguse hadi pua ya mtumbwi iguse mchanga. Iligusa. Tulikuwa wa tano, nyuma hata ya walimu, ambao walikuwa wamepata njia yao mahali fulani. Baada yetu hakuna mtumbwi mwingine uliorudi wenyewe.

Nilishuka vibaya, nikaanguka ubavu kwenye maji ya magotini. Suruali yangu ndefu ilijaa maji, ikanishuka hadi nyongani, nikaishika kwa mikono miwili isiyofunga vidole. Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe, hatua kumi hivi mbele yangu. Aligeuka haraka, akanipa mgongo. Kisha, bila kugeuka, alifungua kitenge chake cha juu, akakinyoosha nyuma, mke wangu, aliyekuwa amesimama kando yake, akakichukua na kuja kunifunga kiunoni. Umati ulifurahi sana kwa jambo hilo, kuliko hata kikombe walichopewa watu wa saruji.

Yule mzee wa malori alikuja kumshika mkono kila mmoja wetu. Mkuu wa stesheni aliipokea kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa hivyohivyo ikichuruzika. Baba mkwe alikuwa ameinama kwenye ungio lililoachia, akilipapasa kwa kidole gumba. Nilikwenda kusimama karibu naye. Nilifikiri sasa mambo yamebadilika, nikaanza kutafuta maneno. Akasimama wima, akavaa shati, akamwambia mkuu wa stesheni:

"Mwambie mkwe yeye nakwenda kuvaa nguo kavu. Tashikwa na baridi."

Mkuu wa stesheni akanitazama, akamtazama mzee, akafungua mdomo. Nikamwambia nimesikia.

Njiani kurudi, nyuma ya lori, nilimweleza mke wangu yaliyosemwa majini. Alisikiliza akiwa ananifunga viganja kwa vitambaa. Alifunga mkono mmoja, akaanza wa pili.

"Alimtaja jina?" akauliza.

"Alimtaja."

Aliacha kufunga. Akashika mkono wangu hivyo, nusu umefungwa, hadi tulipopita Buteba, kisha akaumalizia. Mwezi uliofuata alipokwenda kwao, alilitaja jina la dada yake mezani, mbele ya baba yake, kwa makusudi. Mzee akauliza tu kama kaburi limepaliliwa. Wakaenda kulipalilia pamoja, asubuhi yake.

Mabati ya Busia yalifika kwa lori, kama ilivyoahidiwa, na sehemu nyingine ya paa ilitoka kwa wafadhili wa zile timu nyingine nne zilizorudi. Wodi ikafunguliwa kabla ya mvua ndefu.

Mimi na yeye tuliendelea kama zamani, maneno yakipitia kwa mke wangu, hadi siku moja, karibu mwaka baadaye, nilipoinua macho kwenye dirisha la mizigo nikamwona amesimama mbele yangu, kavaa koti. Hakuwahi kushika njia ya Tororo tangu siku ile ya baiskeli. Nyuma yake hakukuwa na mtu yeyote. Nilimwona akitazama kulia, akitazama kushoto, akitafuta wa kumtuma. Palikuwa na mbuzi wa abiria mmoja, amefungwa kwenye nguzo.

"Hii gari," akasema mwishowe, akiitazama injini iliyokuwa ikipanga mabehewa, "nani nashika usukani?"

"Haina usukani, Baba," nikamjibu. "Reli ndiyo inayoongoza. Dereva anaendesha na kusimamisha tu."

"Hapana weza kugeuka?"

"Haiwezi, isipokuwa mtu abadilishe reli kule mbele."

Akafikiri. Akasema kazi yangu ni kazi rahisi, na kwamba sasa ameelewa kwa nini nilipiga kasia namna ile. Kisha akakaa kwenye benchi la abiria akatazama injini mpaka nilipofunga dirisha. Tukaenda nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma kidogo, akiniuliza habari za makaa ya mawe, za breki, na behewa moja linabeba magunia mangapi, nami nikimjibu. Mke wangu alitusikia kabla hajatuona. Alitoka mlangoni na unga mikononi, akasimama pale, akatuacha tumalize.